Tathmini ya haraka baada ya tetemeko la ardhi: mwongozo wa siku tatu za mwanzo

Kila ardhi inapotikisika, maswali ni yaleyale. Nianze na nyumba au na watu? Niingie ndani nione nyufa? Nyumba moja yenye wapangaji watatu naihesabu mara ngapi? Wilaya wanataka idadi jioni hii, niwape ipi? Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye si mhandisi lakini ndiye atakayetumwa: mtendaji wa kijiji au wa kata, mjumbe wa kamati ya maafa, mwalimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kijana wa Msalaba Mwekundu.

Mifano mingi nimeitoa mkoa wa Kagera, Tanzania. Tetemeko la Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Kwa viwango vya dunia hilo ni la wastani tu, ila liliangusha kuta za matofali ya udongo na za mawe yaliyoshikwa kwa tope kuanzia Bukoba hadi Missenyi. Nadharia tuishie hapo: kinachoua ni jengo, kwa hiyo jengo ndilo utakaloliangalia.

Jambo moja la Kagera likae kichwani kabla hujashika kalamu. Hesabu za mwanzo zilitaja nyumba 840 zilizobomoka. Wiki kadhaa baadaye zilizoanguka zilikuwa zimepita 2,000, na zenye uharibifu mkubwa zilikuwa zaidi ya 14,000. Hapo hakuna aliyedanganya. Siku ya kwanza unahesabu palipofikika, tena kila timu ina maana yake ya neno "kuharibika". Ndiyo maana kila namba utakayoiandika lazima iwe na alama ya mojawapo ya haya matatu: NIMEONA, NIMEAMBIWA, NIMEKADIRIA. Ukisahau yote mengine ya mwongozo huu, hilo libaki.

Vitu vya kuwa navyo

- Buti au viatu vigumu vilivyofunika vidole. Kandambili haziingii kwenye kifusi chenye misumari na mabati.
- Kofia ngumu. Usipoipata, hiyo ni sababu nyingine ya kukaa mbali na kuta.
- Filimbi, tochi, maji ya kunywa, na pawabenki iliyojaa chaji.
- Daftari na penseli, hata kama una simu nzuri. Penseli huandika hata karatasi ikilowa.
- Kamba au utepe wa rangi wa kuzuia njia, na chaki nene au rangi ya kupulizia.
- Orodha ya vitongoji au mitaa na idadi ya kaya katika kila kimoja. Mtendaji anayo. Isipopatikana, sensa ya 2022 iliipa Tanzania wastani wa watu 4.3 kwa kaya, na unaweza kuanzia hapo.
- Simu yenye KoboCollect (programu ya kujazia fomu kwenye simu), kama kuna mtu anayeijua tayari. Hufanya kazi bila mtandao na hutuma baadaye. Kama hakuna anayeijua, leo siyo siku ya kujifunza, tumieni karatasi.
- Timu ya watu wawiliwawili, na ikiwezekana kila jozi iwe na mwanamke. Kuna maswali ambayo mama hatamjibu kijana wa kiume mbele ya wakwe zake.

Hatua ya 1: Ripoti kwa kamati kabla ya kutoka

Usijitume. Nenda kwa mtendaji au mwenyekiti wa kamati ya maafa ya eneo, mgawane vitongoji, mwandike nani anakwenda wapi na atarudi saa ngapi. Timu mbili kupita kitongoji kimoja huku kingine hakijaguswa ni kosa la kila tetemeko.

Hatua ya 2: Piga mzunguko wa haraka

Kabla ya kugonga mlango wowote, zunguka eneo lote kwa bodaboda au kwa miguu, bila kusimama muda mrefu popote. Unatafuta picha ya jumla: uharibifu umekolea upande gani, barabara ipi imezibwa na maporomoko, daraja lipi limepinda, moshi unatoka wapi, watu wamekusanyika wapi. Wakati huohuo mtu mmoja abaki anawapigia simu wenyeviti wa vitongoji vyote, mmoja baada ya mwingine.

Kitongoji ambacho simu haipokelewi ndicho cha kutangulia kwenda. Makelele mengi hutoka mjini, penye mtandao na waandishi wa habari. Kule ambako nguzo ya umeme imelala na mwenyekiti mwenyewe kajeruhiwa, hakuna atakayekupigia.

Angalieni pia tetemeko lilipiga saa ngapi, kwa sababu saa inaonyesha watu walikuwa wapi. Kagera ilikuwa Jumamosi alasiri, madarasa hayakuwa na vipindi. Uturuki, tarehe 6 Februari 2023, lilipiga saa 10:17 alfajiri, watu wakiwa vitandani, na majengo ya ghorofa yakawalalia. Likija usiku, anzeni na makazi na mabweni. Likija asubuhi ya siku ya kazi, anzeni na shule, soko na zahanati.

Ukisikia sauti chini ya kifusi, tathmini imesimama. Piga 114 au 112, nyamazisheni watu na zimeni pikipiki ili sauti isikike, wekeni alama mahali palepale. Msivute nguzo wala bati lililobeba uzito. Kuna watu waliokuwa hai ambao wameuawa na msaada wa namna hiyo.

Hatua ya 3: Kubalianeni maneno

Dakika kumi zinatosha, mkiwa mmesimama chini ya mti. Semeni kwa sauti na muandike:

- Imeanguka: paa au ukuta unaobeba paa umelala chini.
- Haifai kulala: imesimama, ila ina dalili mojawapo ya zile zilizotajwa kwenye hatua ya 4.
- Ina madhara madogo: lipu imepasuka au kudondoka, vioo vimevunjika, vigae vimeteleza, kuta zenyewe ni nzima.
- Kaya: watu wanaokula chungu kimoja. Nyumba ya wapangaji watatu ni nyumba moja na kaya tatu. Muwe na safu mbili kwenye fomu, moja ya nyumba na nyingine ya kaya, zisichanganywe hata kidogo.

Wahandisi wana mfumo wao wa rangi tatu: kijani kwa jengo lililokaguliwa na kukubalika, njano kwa matumizi yenye masharti, nyekundu kwa lisiloruhusiwa kuingiwa. Rangi hizo waachieni wao. Mjitolea akibandika kijani, familia itarudi ndani usiku huo, na ukuta ukianguka jibu utatafutiwa wewe. Kazi yenu ni kuchuja, ili mhandisi wa halmashauri ajue aanzie wapi.

Hatua ya 4: Itazame nyumba ukiwa nje

Nje. Narudia kwa sababu ndilo kosa linaloumiza watathmini wengi: mwenye nyumba anakukaribisha kwa moyo mweupe, "ingia uone chumba cha watoto kilivyo", nawe unaona aibu kukataa. Kataa. Mwombe apige picha mlangoni kama amekwishatoka nje, au mwambie akueleze. Tetemeko kubwa hufuatwa na mengine. Uturuki, saa tisa hivi baada ya lile la 7.8 lilikuja la 7.5. Nepal ilipigwa na la 7.8 tarehe 25 Aprili 2015, na tarehe 12 Mei likaja la 7.3, wakati wengine walikuwa wamesharudi majumbani.

Simama mbali kiasi ambacho ukuta ukianguka mzima hautakufikia: urefu wa ukuta mara moja na nusu, na zaidi kama ardhi imeteremka. Zunguka nyumba yote. Mmoja anaandika; mwenzake haandiki chochote, macho yake yako juu kwenye paa na kuta, filimbi mdomoni. Anza chini, panda juu.

Msingi na ardhi. Je, ardhi imepasuka karibu na nyumba? Nyumba imeteleza kutoka kwenye msingi wake? Kwenye miteremko kama ile ya Bukoba, angalia na juu ya nyumba: ufa kwenye kingo za mlima ulio nyuma yake unaweza kuleta udongo wote mvua ikianza, hata kama nyumba yenyewe haina mkwaruzo.

Kuta. Ufa wa lipu peke yake ni kama unywele, haupiti upande wa pili. Ufa wa hatari hupita kwenye tofali lenyewe, na penseli inaingia. Tazama pembe za madirisha na milango, kwani nyufa za mshazari huanzia hapo. Ukiona nyufa mbili zimekatana mfano wa herufi X kati ya dirisha na dirisha, ukuta huo umekwisha kazi. Tazama kona ambapo kuta mbili hukutana: zimeachana? Halafu simama kwenye mstari wa ukuta, fumba jicho moja, uone kama umetoka tumbo au umelala upande. Ukuta uliotoka tumbo ni "haifai kulala" bila mjadala.

Linta na mkanda. Kama kuna mkanda wa zege juu ya madirisha, uko mzima? Nondo zinaonekana? Kwenye nyumba nyingi za udongo mkanda huo haupo kabisa. Andika "hakuna mkanda", kwa sababu mhandisi atahitaji kulijua hilo.

Paa. Kenchi zimechomoka kwenye ukuta? Na ile pembetatu ya tofali iliyo juu ya ukuta, chini ya paa, ndiyo huanguka mapema, mara nyingi kwa nje, pale watu wanapopenda kukaa kivulini. Watu wanaokaa chini yake waondoe kwanza, ndipo uandike.

Nguzo, kwa majengo ya ghorofa. Zege limepasuka na nondo zimepinda? Ghorofa ya chini yenye maduka yaliyo wazi mbele imelala upande? Hapo usisogee. Zungusha utepe, andika, mpigie mhandisi.

Usisahau choo. Choo cha shimo kilichotikiswa kinaweza kuonekana kizima huku shimo limebomoka chini ya sakafu, na mtu akikanyaga usiku anakwenda nacho. Ufa kuzunguka sakafu ya choo unatosha kukifunga.

Hatua ya 5: Zungumza na kaya

Watu wamefiwa, wamelala nje, na wewe umekuja na fomu. Anza na pole, halafu jina lako, halafu kusudi, halafu kile ambacho huwezi kukitoa:

"Shikamoo mama. Poleni sana na tetemeko. Mimi natoka kamati ya maafa ya kata, mwenzangu huyu ni mhudumu wa afya. Tunaandika hali ilivyo ili wilaya wajue mahitaji ya hapa. Leo hatujabeba msaada, na kuandikwa siyo ahadi kwamba utapata. Unaweza kutojibu swali lolote."

Sentensi ya pili kutoka mwisho ndiyo ngumu, na ndiyo inayorukwa. Ukiiruka, kesho kutwa kitongoji kizima kitakusubiri wewe uwaletee mabati.

Maswali yasizidi haya:

- Mlikuwa wangapi kabla ya tetemeko, na usiku wa jana mmelala wapi, wangapi?
- Kuna aliyefariki, aliyeumia, ambaye hajaonekana?
- Kuna mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito, anayenyonyesha, mzee anayeishi peke yake, mtu mwenye ulemavu?
- Kuna anayetumia dawa kila siku, na dawa zake ziko wapi sasa?
- Maji mnachota wapi leo, na jana kabla ya tetemeko mlichota wapi?
- Mnapikia nini, na chakula kilichopo kitafika lini?
- Kitu kimoja mnachokihitaji kabla ya giza la leo ni kipi?

Swali la dawa liulizwe kwa sauti ya chini, pembeni, na usitake jina la ugonjwa. Dawa za virusi vya Ukimwi, kisukari, kifafa na shinikizo la damu hufukiwa kwenye kifusi pamoja na kabati, na mtu hatasimama katikati ya umati kusema amekosa dozi. Majibu haya hayatumwi kwenye kundi la WhatsApp. Yanapelekwa zahanati kwa mkono.

Usiulize vitu ambavyo hakuna atakayevifanyia kazi wiki hii. Fomu ya kurasa sita yenye thamani ya kila kiti na sufuria ina wakati wake, nao haujafika.

Hatua ya 6: Pitia huduma za pamoja

Hapa pita upesi, lakini fika mwenyewe. Chemchemi au kisima: maji yamebadilika rangi, yamepungua, yamekauka? Zahanati: jengo linatumika, wahudumu wapo, friji ya chanjo ina umeme? Shule: hata kama hakuna mwanafunzi aliyeumia, kagua, maana watu watakimbilia kulala madarasani. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato huko Bukoba ziliharibika kiasi cha kufungwa. Barabara: lori linapita au pikipiki tu? Soko: maduka yamefunguliwa, wakala wa kutoa pesa ana fedha? Jibu la soko lina uzito kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kama duka lina bidhaa, fedha mkononi inaweza kusaidia haraka kuliko lori la unga.

Hatua ya 7: Geuza hesabu iwe mahitaji

"Kaya 120 zinalala nje" ni habari tu. Afisa wa ghala anataka kujua apakie nini. Tumia viwango vya Sphere, ambavyo mashirika mengi ya misaada huvifuata: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, mita za mraba 3.5 za kulala chini ya paa kwa kila mtu, choo kimoja kwa watu 50 siku za mwanzo kisha kimoja kwa watu 20, bomba moja kwa watu 250.

Kaya 120 mara 4.3 ni watu 516. Maji: lita 7,740 kwa siku. Vyoo: 11 sasa hivi, 26 baadaye. Mabomba: 3. Maturubai ya mita 4 kwa 6, mawili kwa kaya kama ilivyo kawaida: 240. Mwaka 2016 kule Kagera mvua za vuli zilikuwa mlangoni, kwa hiyo turubai lilitangulia hata mablanketi. Angalieni kalenda ya mvua ya kwenu.

Sufuria, ndoo yenye mfuniko, sabuni, taulo za kike na tochi ziandikwe kwa kaya. Nguo kuukuu msiziombe. Zitakuja bila kuitwa na kujaza ghala.

Hatua ya 8: Taarifa ya ukurasa mmoja

Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Hali ni mbaya sana, nyumba nyingi zimeharibika na wananchi wanahitaji msaada wa haraka." Ya pili: "Hadi saa 11 jioni tumefika vitongoji 4 kati ya 7. Nyumba zilizoanguka 31 (tumeona). Zisizofaa kulala 74 (tumeona). Kaya zinazolala nje 120 (tumeona 88, tumeambiwa 32). Vitongoji 3 havijafikiwa, barabara imezibwa na udongo. Kipaumbele cha usiku huu: maturubai 240 na maji lita 7,740 kwa siku." Ya kwanza haipakii hata gari moja.

Weka saa, eneo lililofikiwa, eneo ambalo halijafikiwa, maana ya maneno yenu, na nambari ya simu ya mtu mmoja. Picha mbili au tatu za majengo. Sura za majeruhi na watoto ziachwe.

Hatua ya 9: Rudi tena kesho

Taarifa ya saa 24 itakuwa na mapengo. Ya saa 72 iwe imefika vitongoji vyote. Msifute namba ya jana. Andikeni mpya chini yake na sababu ya kubadilika. Tathmini ya kina ya kihandisi na ya hasara huja baadaye, na watakaoifanya watashukuru kupata madaftari yenu.

Mambo yakikwama

Namba zenu na za mwenyekiti hazilingani. Msigawane nusu kwa nusu. Chagueni kaya kumi kwenye orodha yake, mzipitie naye. Mara nyingi utakuta yeye amehesabu kaya na nyinyi nyumba.

Watu wana hasira, "kila siku mnaandika tu". Wana haki. Funga daftari, sikiliza, waambie ni timu gani imewatangulia na orodha yake iko wapi. Kama hujui, simamisha kazi hapo mpaka upate jibu ofisi ya kata.

Familia moja imejiandikisha mara mbili, au mpangaji na mwenye nyumba wote wanadai nyumba ileile. Mwandike mwenye nyumba kwenye safu ya jengo na mpangaji kwenye safu ya kaya. Turubai humwendea anayelala nje, awe na hati au asiwe nayo.

Nyumba tupu, hakuna wa kuulizwa. Wengi wamekwenda kwa ndugu. Waulize majirani, andika "tumeambiwa", kisha tafuteni kaya zilizowapokea: nyumba nzima iliyokuwa na watu watano sasa ina kumi na wanne, nayo inahitaji maji na chakula ingawa haina ufa.

Mtandao haupo. Mtume mtu na karatasi kwa bodaboda. Piga picha kila ukurasa kabla haujaondoka.

Uvumi kwamba "kubwa zaidi linakuja saa nne usiku". Hakuna chombo duniani kinachoweza kutaja siku na saa ya tetemeko, na hilo liseme wazi mbele ya watu. Ila usimalizie kwa kuwaambia warudi ndani. Mitetemo inayofuata ni ya kweli, haina ratiba, na nyumba mliyoiandika "haifai kulala" inabaki hivyo mpaka mhandisi aipitie.